Mnara Usiojibu

Masingini ni mwinuko unaotazama mji wa Unguja kutoka mashariki, na urefu wake ni mita mia moja na ushei tu. Mtu wa Usambara akiona tunakiita kilima atacheka. Lakini kisiwa hakina pengine pa juu pa kufaa zaidi, na huko ndiko ilikopandishwa mitambo ya kurushia picha. Mawimbi ya televisheni huenda kama jicho linavyokwenda: hunyooka, hayapindi na mviringo wa bahari. Jicho lililokaa Masingini huiona Bagamoyo ng'ambo ya mkondo, na mlingoti ukizidishwa urefu humulika na Dar es Salaam. Pemba, iliyo baina yake na Unguja maji ya takriban kilomita 50, na miji yake mbali zaidi ya hapo, jicho hilo haliifikii vyema. Ndipo ukahitajika mnara wa pili kisiwani kwetu, wa kuipokea picha iliyochoka na kuirusha tena ikiwa na nguvu mpya. Mnara wa namna hii hausemi neno lake. Hurejea alichosema mwenziwe.

Vitabu vingine huandika kwamba Televisheni Zanzibar ilianzishwa 1973, vingine Januari 1974, Mapinduzi yalipotimiza miaka 10. Sioni haja ya ugomvi: jambo la ukubwa huo halizaliwi kwa siku moja. Lililo muhimu ni kuwa ilikuwa ya rangi tangu siku yake ya kwanza, na aghalabu hutajwa kuwa ya mwanzo ya rangi katika Afrika iliyo kusini ya Sahara. Afrika Kusini, pamoja na dhahabu yake yote, ilisubiri mpaka Januari 1976 ndipo ikawa na televisheni. Tanzania Bara ilikawia zaidi. Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa ni anasa isiyolingana na nchi maskini, na vituo vya watu binafsi havikuanza huko mpaka 1994. Cha taifa kikafuata mwaka 2000. Kwa miaka 20, basi, Mtanzania aliyetaka kuona picha za nchi yake zikitembea alilazimika ama kuishi visiwani, ama kuishi Dar es Salaam na kumiliki mlingoti mrefu ulioelekezwa kwetu.

Zama hizo Zanzibar ilikuwa na fedha za kigeni, na fedha hizo zilikuwa karafuu. Na karafuu, sehemu yake kubwa, ilikuwa na mpaka leo ni ya Pemba. Sisemi haya kwa kudai chenji. Nasema tu kuwa mtoto wa Wete aliyekwea mkarafuu kwa kamba, akachuma na kuchambua mpaka vidole vikabadilika rangi, alikuwa na fungu lake katika ile rangi iliyoonekana kiooni, hata kama yeye mwenyewe hakuiona.

Mimi niliiona baadaye, nikiwa mkubwa wa kutosha kuketi safu ya nyuma. Seti ilikuwa moja mtaani, na mwenyewe aliigeuza ikatazama dirishani ili walio uani wapate. Khabari tulizivumilia. Tulichokisubiri ni taarab ya Idd: kuwaona waimbaji tuliokuwa tukiwajua kwa sauti pekee tangu enzi za redio, ambayo Unguja ilianza kuwa nayo mwaka 1951. Wanawake wa mtaani walishangaa kwamba mwimbaji fulani ni mfupi. Wengine hawakumsamehe.

Tulikuwa pia na wageni wa hewani. Siku za joto, upepo ukitulia na bahari ikawa kama kioo, hewa ya moto hulala juu ya hewa ya baridi, na mawimbi yakaenda baina yao kama maji ndani ya mfereji, yakafika yasikofika siku nyingine. Kule kaskazini ya Pemba picha za Mombasa zilikuwa zikiingia. Sauti ya Kenya ilikuwa imefungua kituo Mombasa mwaka 1970, miaka minane baada ya televisheni kuanza Nairobi. Wapemba, ambao kwao Mombasa si ugenini, walizipokea picha hizo kama anavyopokewa mjomba aliyefika bila ya taarifa.

Jioni moja ya kaskazi ilionyeshwa ngoma ya kibati. Kwa asiyeijua: kibati ni ngoma ya Pemba ambayo roho yake ni majibizano. Mmoja hutupa neno kwa kuimba, haraka kuliko mtu asemavyo, na mwenziwe hulidaka na kulirudisha papo hapo, ngoma zikiwa chini yao hazipumziki. Hakuna kuandika, hakuna kufikiri mpaka kesho. Jioni hiyo wachezaji walikuwa watu tunaowajua, na uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Mmoja akatupa neno lake. Lilikuwa neno kali, lenye fumbo juu ya mtu anayekula chungu kisicho chake, na sote tulijua linakokwenda. Mwenziwe akavuta pumzi. Hapohapo picha ikaingiwa na michirizi, sauti ya kituo cha mbali ikapanda juu yake, na badala ya jibu tukapata mwanamume mwenye tai anayesema kwa utulivu mkubwa maneno tusiyoyasikia.

Watu walipiga kelele. Kijana akapanda juu ya paa kuuzungusha mlingoti. Shangazi yangu, ambaye hakuwa mwimbaji wa kutajika, akasema, "Kaulizwa mwenzetu huyo, mtamwacha na aibu?" Kisha akajibu yeye, kwa mahadhi yaleyale, akipiga chini ya beseni. Bibi mmoja wa nyumba ya pili akasema jibu hilo limelegea kina, akatoa lake. La tatu likatoka kwa mtu ambaye hatukudhani anaweza. Picha iliporejea, kibati ilikuwa imekwisha na khatibu anaendelea na jambo jingine, lakini uani hakuna aliyegeuka kutazama.

Nimelifikiri tukio lile kwa miaka mingi kuliko linavyostahiki pengine. Pemba ni nchi ya kujibizana tangu zamani. Kamange na Sarahani, malenga wa karne ya kumi na tisa, hawasomeki vizuri mmoja bila ya mwingine. Na waliokusanya tungo zao katika kitabu *Kale ya Washairi wa Pemba*, kilichotoka 2011, walifanya busara kuwaweka pamoja ndani ya jalada moja. Watu wa aina hiyo waliletewa chombo ambacho kwa maumbile yake hakijibiwi. Na aliye chini ya mnara mdogo yuko mbali na neno mara mbili: aliye mjini anaweza walau kwenda kugonga mlango wa studio na kusema alilo nalo, ilhali wa kwetu angegonga mlango wa chumba chenye mashine inayonguruma. Hili si kosa la mtu. Ni namna chombo kilivyoundwa, Zanzibar na kwengineko. Lakini washairi tuliliona mapema kuliko mafundi.

Umeme nao ulikuwa hadithi yake. Pemba iliishi kwa majenereta ya dizeli mpaka waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipowashwa Juni 2010. Unguja, iliyokuwa na waya wake tangu 1980, ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na miezi mitatu tangu Disemba 2009. Watu walipozungumza barazani usiku, bila ya kioo, walizungumza sana.

Mwaka 2013 televisheni na redio ziliunganishwa zikawa Shirika la Utangazaji Zanzibar. Dar es Salaam ilikuwa imezima mitambo ya analojia usiku wa tarehe 31 Disemba 2012, na hatimaye ving'amuzi vikaenea visiwani pia. Picha ya dijitali haina michirizi. Ama huja yote, ama haiji kabisa. Yule mwanamume mwenye tai hawezi tena kuingia katikati ya kibati bila ya kubisha hodi.

Siku hizi harusini kila mwenye simu ni mnara. Nimeona kibati ikirekodiwa Konde usiku na kupelekwa Mombasa na Maskati ngoma ikingali inapigwa. Aliyekuwa Maskati, mwanamke aliyeolewa huko miaka mingi, alirudisha jibu kwa sauti yake kabla ya alfajiri. Wenyewe wakalisikiliza mara tatu wakiwa wamesimama mlangoni, wakaanza kubishana iwapo mizani imetimia au amepunguza moja kwa haraka.