Ujiji na Chupa ya Siki ya Tende

Wengi wetu tulilisikia jina la Ujiji shuleni, kwa kuwa hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwishoni mwa mwaka 1871. Lakini Ujiji haukuwangoja wageni hao ndipo uwe mji. Burton na Speke walipofika ukingoni mwa Ziwa Tanganyika mwezi wa Februari 1858, walikuta soko na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliotoka pwani, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa miguu. Misafara ilileta nguo na shanga, ikarudi na pembe za ndovu, na pia wanadamu waliotiwa utumwani. Historia hiyo ina fahari yake na ina aibu yake, na mwenye insafu huyataja yote mawili.

Reli ilipofika ziwani mwaka 1914 ilikomea Kigoma, kilomita chache kutoka Ujiji, na bandari kubwa ikawa huko. Ujiji ukabaki na misikiti yake, vyuo vyake vya Kurani, na miembe mikubwa inayotia kivuli njiani. Wakazi wake ni watu wa asili nyingi: Wajiji na Waha wa nchi hiyo, Wamanyema ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka Kongo, na watu wa pwani na wa Uarabuni. Kiswahili na Uislamu vimewafanya watu wa mtaa mmoja, na chungu cha jikoni nacho kimefanya kazi yake.

Chakula cha Ujiji chatoka majini na katika michikichi. Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, kisha huanikwa juani. Migebuka huliwa wabichi, wa kukaangwa, au wa kukaushwa kwa moshi. Mafuta ni mawese, mekundu na mazito, nayo huutia mchuzi rangi na harufu ambayo mtu wa Ujiji huitamani kila awapo mbali. Ugali huwa wa muhogo au wa mahindi. Na kwa kuwa mawese ni mazito, mpishi hutafuta kitu kikali cha kuyakata: ndimu, au embe bichi.

Katika nyumba moja niliyokaribishwa, kijana wa nyumba alikuwa amerudi kutoka Maskati, akamletea mama yake chupa ya siki ya tende. Siki nyeupe ya dukani waliijua. Hii ilikuwa ya rangi ya kahawia, yenye harufu ya utamu na ukali pamoja. Mama akafurahi, akataka kuipikia migebuka siku ile ile. Lakini mkwewe, bibi wa makamo makubwa, aliinusa akaiweka chini. "Hii yanuka ulevi, mwanangu," alisema. "Ikiingia chunguni, mimi sitakula." Kijana akainamisha uso. Zawadi aliyoibeba kutoka mbali imekuwa sababu ya nyanya yake kujitenga na sinia ya wenziwe! Baba wa nyumba alikata shauri kwa hekima: chupa isifunguliwe tena mpaka aulizwe mwenye elimu.

Baada ya sala ya alasiri shekhe wa msikiti aliulizwa. Kwanza alimsifu bibi, kwa kuwa mwenye kusita katika jambo asilolijua ameilinda dini yake. Kisha alieleza kuwa siki yenyewe ni halali bila shaka. Imepokewa kwa Jabir, katika Sahihi ya Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliuliza nyumbani kwake kama kuna kitoweo, akaambiwa hapana ila siki, akaitaka, akailia mkate na kuisifu kuwa kitoweo chema. Jabir aliipenda siki tangu siku hiyo.

Ama khitilafu ya wanavyuoni, alisema, iko katika mvinyo uliogeuzwa siki. Ukigeuka wenyewe, hukumu yake ni tohara na ni halali. Ukigeuzwa kwa kutiwa kitu ndani yake, madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, hayaikubali siki hiyo, na Anas amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya kuugeuza mvinyo kuwa siki, alikataza. Wafuasi wa Imam Abu Hanifa wao huruhusu. Basi akawataka waisome karatasi ya chupa. Palikuwa na tende na maji tu. Bibi aliposomewa, alisema, "Kama ni tende, bismillahi."

Yafaa tujue harufu ile ilitoka wapi. Tende zikilowekwa, chachu hula sukari yake na kuigeuza kileo. Kisha vijidudu vingine, vinavyohitaji hewa, hukigeuza kileo hicho kuwa ukali wa siki. Ndiyo maana mtungi wa siki hufunikwa kitambaa wala hauzibwi. Harufu ya tunda hubaki, na pua isiyoizoea yaweza kuidhania kuwa ya ulevi. Lakini si chupa zote zilizo sawa. Nyingine ni asidi iliyozimuliwa kwa maji na kutiwa rangi, na nyingine hutiwa mvinyo makusudi kwa ajili ya ladha. Hiyo ya mwisho haifai kuingia nyumbani mwa Mwislamu, hata jina lake likiwa zuri namna gani.

Sasa tuje jikoni. Mama yule hakuimimina kama maji. Aliwapaka migebuka chumvi, kitunguu saumu na kijiko kimoja kikubwa cha siki, akawaacha muda mfupi tu, kwani siki ikikaa mno huilegeza nyama ya samaki. Akakaanga kitunguu katika mawese, akatia nyanya na samaki, na mwisho, chungu kikiwa karibu kuepuliwa, akaongeza kijiko kimoja kidogo. Mchuzi ulipata ukali wa ndimu na utamu wa mbali wa tende, na uzito wa mawese ukapungua. Kwa dagaa wakavu siki hiyo ilizidi nguvu, wote wakakubaliana kuwa ndimu ni bora. Kwa maharage aliitia yalipokwisha kuiva, kwa sababu kitu kikali kikiingia mapema maharage hukataa kulainika. Naye alitumia chungu cha udongo, kwa kuwa siki huila sufuria ya alumini na kukiharibu chakula.

Bibi alikula, akaomba kuongezwa mchuzi, kisha akamwombea dua mjukuu wake.

Enyi vijana mnaosafiri, mkileta kitu kigeni nyumbani, leteni na habari zake: kimetengenezwa kwa nini, na kwa namna gani. Na enyi wazee, msikikatae kitu kwa ugeni wake tu, kwani hata miembe ya Ujiji ililetwa na wageni, na leo nani asemaye kuwa si ya Ujiji? Kitu kigeni kina milango miwili ya kupita, elimu kisha ulimi. Kikipita wa kwanza, ulimi na uhukumu.