Mashine mpya ya salfa inapozimazima: usianze na bisibisi

Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika hapa Lionja, watu huniuliza zaidi habari za mashine kuliko za salfa yenyewe. "Bwana shamba, mashine ni mpya kabisa. Inawaka, inakimbia kidogo, inazima. Je, nimeuziwa feki?"

Feki zipo, sikatai. Lakini mashine nyingi ninazoitwa kuziangalia ni nzima. Zimenyimwa kitu kimoja kidogo, na kabla kitu hicho hakijatafutwa, mtu ameshazungusha skrubu za kabureta.

Tujue kwanza kwa nini jambo hili si dogo. Ubwiri unga hausubiri fundi. Ua likishashikwa na ugonjwa huo, salfa ya wiki ijayo haitalirudisha kuwa korosho. Mapendekezo ya watafiti wetu wa Naliendele kule Mtwara ni gramu 250 za salfa ya unga kwa mti mkubwa, kila baada ya siku 14, hadi mara tano kwa msimu. Mwenye miti 100 anahitaji kilo 25 kwa raundi moja. Mashine ikilala kwa fundi wiki mbili, raundi nzima imekupita. Hasara hiyo inazidi pesa ya fundi, na utaiona siku ya kupima mzigo pale AMCOS.

Kuna mama mmoja aliyenunua mashine kwa pesa ya mauzo ya msimu uliopita. Siku ya tatu ikaanza kuzima kila baada ya dakika chache. Fundi wa kwanza alizungusha skrubu za kabureta. Fundi wa pili alitaka kabureta jipya. Nilipofika nilimwomba alegeze kifuniko cha tangi la mafuta kidogo tu, kisha awashe. Mashine ikanguruma bila kuzima. Tundu dogo la kupitisha hewa kwenye kifuniko lilikuwa limezibwa na vumbi la salfa. Tukaliosha. Lakini nguvu yake haikurudi sawasawa mpaka alipopatikana anayejua kurekebisha kabureta. Ugonjwa ulikuwa mmoja, tiba ya haraka ikaongeza wa pili.

Ili usifike huko, elewa injini hii inavyofanya kazi. Ni ya mipigo miwili. Pistoni ikipanda inabana mchanganyiko wa hewa na petroli, plagi inatoa cheche, mlipuko unaisukuma chini. Ikishuka inafungua njia ya moshi kutoka na mchanganyiko mpya kuingia. Kila mpigo unaandaa mpigo unaofuata. Mmoja ukikosa nguvu, unaofuata haupo.

Wilaya yetu ya Nachingwea, iliyokuwa na kambi ya mafunzo ya FRELIMO wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, haina haja ya mfano wa mbali. Bunduki inayojipakia yenyewe hutumia nguvu ya risasi iliyotoka kutupa ganda na kuingiza risasi nyingine. Ikiwa mpya, imejaa grisi ya ghalani, inaweza kukwama katikati ya mzunguko, na askari hufundishwa kuisafisha kabla ya kusema ni mbovu. Mashine yako ya salfa nayo ni hivyo. Iulize maswali haya kwa mpangilio, jambo moja kwa wakati, na uijaribu baada ya kila jambo.

La kwanza ni mafuta. Injini hii haina oili yake ya pembeni; oili huchanganywa na petroli. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu au kifuniko cha tangi. Kama kimeandikwa 25 kwa 1, lita moja ya petroli inachukua mililita 40 za oili, na lita tano mililita 200. Kama ni 50 kwa 1, lita tano zinachukua mililita 100. Tumia oili ya 2T, usitumie ile ya injini ya bodaboda ya kawaida. Oili ikizidi, plagi inalowa na kuwa nyeusi. Ukiweka petroli tupu, pistoni inakwaruzana na silinda, na hapo mashine mpya inakufa kweli. Mchanganyiko uliobaki msimu uliopita usiutumie. Petroli ya chupa ichuje kwa kitambaa safi na uangalie kama kuna maji chini.

La pili ni njia ya mafuta. Mashine ikizima baada ya dakika chache, legeza kifuniko kama alivyofanya yule mama. Ikiendelea kuwaka, tundu la hewa limeziba. Isipobadilika, kaza kifuniko na uangalie chujio dogo lililo ndani ya tangi.

La tatu ni hewa. Ikiwa inanguruma polepole lakini inazima ukiongeza kasi, angalia kama choki umeirudisha. Kisha fungua chujio la hewa. Salfa ni unga laini sana, na siku moja ya kazi inatosha kulijaza. Lisafishe kila jioni kwa namna kitabu kinavyoelekeza, likauke kabisa. Usipulizie bila chujio hata kwa mti mmoja.

La nne ni moto. Acha injini ipoe, fungua plagi. Ikiwa imelowa, mafuta yamezidi: ikaushe, isafishe, uirudishe. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara nyingi, mafuta hayafiki, rudi kwenye la pili. Hakikisha kofia ya waya imekaa vizuri. Usijaribu cheche karibu na petroli iliyomwagika wala karibu na salfa.

Ukimaliza hayo manne na bado inazima, hapo mpelekee fundi, na umweleze ulichokwisha kukagua. Skrubu za kabureta ni za mwisho, na ni kazi ya anayezijua. Mashine ikiwa bado ndani ya dhamana, rudi kwa aliyekuuzia kabla mtu hajaifungua.

Kuna jambo la usalama ambalo wengi hulipuuza. Vumbi la salfa linashika moto. Zima mashine na uiache ipoe kabla ya kuongeza mafuta, na ufute salfa iliyokaa karibu na egzosi. Unga unaopita kwa kasi kwenye bomba la plastiki huzalisha umeme. Ikiwa mashine yako ilikuja na waya au mnyororo mdogo unaoning'inia kwenye bomba, kazi yake ni kushusha umeme huo ardhini. Wengine huukata kwa sababu unakwama kwenye majani. Usiukate.

Kwako unayenunua mashine leo: iwashwe dukani mbele yako kwa mafuta yaliyochanganywa sawasawa, na uondoke na risiti, kitabu na dhamana. Tangi za mwanzo usiikimbize kwa kasi ya juu muda mrefu. Ifanye hivi wiki kadhaa kabla ya maua kuchomoza, ili kasoro ionekane wakati bado una nafasi. Nawe muuza oili, weka kipimo chenye alama za mililita pale dukani. Mteja anayepimiwa vizuri atarudi mwakani, na mashine yake itakuwa bado inafanya kazi.

Kata makala hii uibandike ndani ya mlango wa stoo. Alfajiri ya kupulizia, upepo ukiwa umetulia na umande uko majani, hakuna mwenye muda wa kukisia. Nawatakia maua mengi na msimu mwema.