Lori Linalojipeleka Foleni

Ninashughulikia kompyuta kwenye paki moja ya malori nje kidogo ya Kolwezi, barabara ya kuelekea Likasi. Shaba na kobalti ya Lualaba hupita hapa ikienda Kasumbalesa, kisha Zambia, kisha baharini. Mimi nafuatilia nani yuko kwenye foleni ya mzani, nani ameshapimwa, nani bado anangoja karatasi zake.

Programu yangu ya kwanza niliiandika kwa Python kwa kutumia orodha tatu: ya namba za plaki, ya uzito na ya madereva. Lori likiondoka, nalifuta katika zote tatu, nafasi ile ile. Klasi na objekti nilizijua, tulifundishwa kwa Kifaransa. Kuhusu self tuliambiwa tu kwamba inatenganisha jina lililomo ndani ya objekti na jina la kigezo kinachoingia. Basi nikawa naiandika kama mtu anavyopiga ishara ya msalaba akipita mbele ya kanisa.

Aliyenigeuza ni yaya, yaani mkubwa wetu mmoja wa kazini, mtu wa maneno machache. Alisoma msimbo wangu umeme ukiwa umekatika, kwenye betri. Akasema: "Mdogo wangu, mbona wewe ndiye unayeyabeba malori yote? Acha lori lijipeleke lenyewe."

Tukaandika hivi, ndani ya klasi Lori:

def ingia(self, foleni):
    foleni.pokea(self)

Mistari miwili tu. Lakini hapo hakuna majina mawili yanayohitaji kutenganishwa, kwa hiyo maelezo niliyofundishwa hayakufaa kitu. Foleni haipewi plaki wala uzito. Inapewa lori zima, na si nakala yake. Karani wa mzani akirekebisha uzito, foleni inauona uzito mpya papo hapo, maana lori ni lile lile. Orodha zangu tatu zikabaki moja.

Na lile kosa linalowatesa wanafunzi wakisahau self, Python ikilalamika kwamba imepewa vitu viwili ilhali mabanoni umeandika kimoja, nikalielewa siku hiyo. Ukiandika lori.ingia(foleni), Python huifanya kazi kama Lori.ingia(lori, foleni). Cha kwanza ni lori lenyewe, na self ndiyo inayolipokea. Hata jina hilo si amri ya lugha, ni desturi tu. Ungeliita "mimi" na programu ingekwenda.

Baadaye nilitafuta jambo hili la objekti kujitaja lilianzia wapi, nikafurahi kukuta foleni. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, Wanorwe wa Oslo, walitengeneza lugha ya Simula miaka ya 1960 ili kuiga mifumo ambamo vitu vinasubiriana. Katika Simula 67 objekti iliweza kujitaja kwa neno this, na kuingia yenyewe kwenye foleni. C++ na Java zikalirithi neno hilo. Smalltalk ikachagua self.

Vijana wanaotoka kwenye Java hunicheka: kwao this ipo bila kutangazwa, mbona Python inataka self iandikwe kwenye kila metodi? Mimi niko upande wa Guido van Rossum, aliyeitoa Python mwaka 1991 akiwa ameazima desturi hiyo kutoka lugha ya Modula-3. Ikiandikwa, naiona, na nikiiona naweza kuuliza inafanya nini. Siku hizi nikisoma kazi ya mwenzangu nikakuta metodi iliyopokea self na haiigusi hata mara moja, namwambia aitoe kwenye klasi. Kubadilisha tani kuwa kilo si kazi ya lori. Wengine hununa. Yaya yeye huongeza kwamba hata ile foleni yangu imebeba mambo ya karani wa mzani, na juu ya hilo bado tunabishana.