Mkwajuni, Kwa Watu Wanaouhoji Mwamba

Ukitoka Mbalizi, barabara inaiacha baridi ya Mbeya na kuteremkia bonde la Rukwa. Sweta unalivua njiani. Ukifika Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, shati limekwisha kuganda mgongoni. Joto hilo ndilo nililolifuata.

Nilibeba visanduku viwili vya majaribio. Ndani ya kila kimoja mna kipande cha plastiki maalumu na kihisi mwanga cha silikoni. Chembe yenye nguvu nyingi ikipenya plastiki, huacha mmweko hafifu usioonekana kwa jicho. Kihisi huudaka, taa ndogo ikawaka. Chembe hizo huitwa muoni. Huzaliwa kilomita kama 15 juu yetu, pale miale ya anga za mbali, aliyoigundua Victor Hess kwa puto mwaka 1912, inapogonga hewa. Usawa wa bahari, muoni moja hivi hupita kila sentimita ya mraba kwa dakika. Kiganja chako hupenywa na moja au zaidi kila sekunde.

Silikoni ikipata joto huanza kuhesabu mimweko ambayo haipo, na Mkwajuni haikuihurumia. Saa saba mchana kisanduku kimoja kilihesabu ovyo. Nikakipandisha juu ya mwenzake, nikakubali hesabu tu pale taa za vyote viwili zilipowaka kwa pamoja. Hesabu ikatulia. Punde ikaruka tena: utepe mweusi unaokikinga kisanduku na mwanga ulikuwa na tundu la sindano, na jua la huku halihitaji mlango mkubwa. Nikaliziba, nikaanza upya.

"Mwanangu, hiyo ditekta inasoma kina gani?" mzee mmoja aliniuliza chini ya mkwaju.

Swali lilikuwa la haki. Dhahabu ya Lupa imechimbwa tangu miaka ya 1920, na hapa ditekta ni chombo cha kazi kama sururu. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba hii haitafuti dhahabu. Inahesabu vinavyotoka juu. Akasikiliza hadi mwisho.

"Basi ishushe duarani. Kama vinatoka juu, mwamba utavizuia."

Duara ni shimo la wachimbaji. Kijana mmoja akashuka humo na visanduku kwa kamba. Aliporudi na daftari, hesabu ya chini ilikuwa imepungua mno. Kwa hoja hiyohiyo, mwaka 2017 wanasayansi walitangaza uwazi mkubwa uliofichika ndani ya piramidi ya Khufu, Misri: palipo na mawe machache, muoni hupita nyingi zaidi. Mzee wa Mkwajuni aliifikia kwa maarifa ya maisha yake yote ya kuuhoji mwamba. Ndiyo maana naupenda mji huu: hapa kisichoonekana hakidharauliwi, kinatafutiwa njia.

Jioni upepo ukapoa, maganda ya ukwaju yakigongana juu yetu. Mzee akanyoosha kiganja chenye sugu juu ya visanduku. Taa ikawaka. Akauacha mkono palepale, akisubiri nyingine.