Pikipiki ndani ya trela, kulabu moja na uongo mmoja

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na wale wanaongoja sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata waniwie radhi, itakuja. Leo naomba mniruhusu niandike kuhusu jambo ambalo halina kompyuta hata moja ndani yake, ila mwandishi wake ni mwanaprogramu na kosa lake ni la kiprogramu kabisa. Nimelibeba tangu mwezi wa nane mwaka 2023 na nadhani sasa naweza kulisimulia.

Mwaka huo nilikuwa Minnesota, Marekani, kwa kazi ya miezi miwili. Nilikaa kwa dada yangu na mume wake. Shemeji ni dereva wa malori makubwa, kazi ambayo Wakenya wengi kule wanaifanya, na mapenzi yake ni pikipiki. Ana Honda kuukuu ya mwaka 1998, bado ya kabureta, uzito wake kilo 240 hivi. Kila mwaka alikuwa akisema ataipeleka Sturgis, South Dakota, kwenye ule mkutano wa pikipiki ulioanza mwaka 1938. Mwaka huo akasema, "Shemeji, uko hapa, tunaenda wote." Wote maana yake ni yeye, dada, mimi na wapwa wangu wawili, mmoja miaka 7 na mwingine 10.

Sasa swali: familia ya watu watano inaendaje na pikipiki moja umbali wa karibu kilomita 1,000? Sisi tuliotoka Kenya jibu tunalo! Tumeona boda boda ikibeba kochi, mbuzi, hata pikipiki nyingine. Kule mambo yamegeuzwa: pikipiki ndiyo mzigo. Inaingizwa ndani ya nyumba ya magurudumu, na nyumba inavutwa na pikapu.

Nieleze kidogo chombo chenyewe. Ni trela ndefu. Mbele kuna chumba cha kulala, katikati jiko, friji na bafu, nyuma kuna gereji. Ukuta wote wa nyuma ni mlango unaoshuka hadi chini na kuwa daraja la kupandishia pikipiki. Vitanda vya watoto vinaning'inia karibu na dari ya gereji, vinashushwa usiku pikipiki ikishatolewa. Wamarekani wameipa jina la mbeba vitu vya kuchezea. Kuna za kuvutwa kwa mpira wa nyuma ya gari, lakini ya shemeji ilikuwa ya aina ya gurudumu la tano. Hilo si gurudumu la kuzunguka barabarani, jina limetoka enzi za magari ya farasi, kwenye lile duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele ili ipate kugeuka. Ukitazama malori ya Mombasa utaona kitu kile kile: sahani ya chuma nyuma ya kichwa cha lori, na pini ya trela imebanwa ndani yake. Kwa pikapu, sahani inafungwa kwenye bodi, juu ya ekseli ya nyuma, ndiyo maana trela kubwa kama ile hutulia kuliko ile ya kuvutwa kwa mkia.

Mimi, kama mnavyonijua, nikafungua jedwali la hesabu. Uzito wa trela unaolala juu ya pini unatakiwa uwe kama asilimia 15 hadi 25 ya uzito wote. Ukipungua sana, trela huanza kuyumba. Tatizo la trela hizi ni kwamba gereji iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo ukipakia pikipiki unainyanyua pua ya trela, kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao. Pikipiki ya kilo 240 ikikaa mita 3 nyuma ya ekseli, na pini ikiwa mita 6 mbele, pini inapoteza kilo 120, na ekseli za trela zinaongezewa kilo 360. Ndiyo, 360, zaidi ya pikipiki yenyewe! Nilifurahi sana na hesabu hiyo. Nikamwonyesha shemeji. Akaitazama, akasema, "Nzuri. Twende mizani."

Huyu mtu anapimwa mizani kila siku ya kazi yake, sikuelewa kwa nini apimwe na likizoni. Lakini tulienda kituo cha malori, akalipa dola chache, akapewa karatasi yenye uzito wa kila kundi la ekseli. Hesabu yangu ilikuwa sawa kwa pikipiki, ila nilisahau maji. Tangi la maji safi lilikuwa limejaa, kama lita 380, na kila lita ni kilo. Karibu kilo 400 ambazo hazikuwa kwenye jedwali langu! Tukamwaga nusu. Nikanyamaza. Hapo ningejifunza, lakini mtu hajifunzi siku ya kwanza.

Kazi ya kupakia alinipa mimi. Alikuwa na mguu unaouma, na mimi nimeendesha pikipiki tangu chuo. Akanielekeza hivi: egesha trela ili daraja lisiwe na mwinuko mkali, la sivyo tumbo la pikipiki litakwama kwenye ukingo wa juu. Usiiendeshe ukiwa umekaa. Tembea ubavuni, upande wa kushoto, gia ya kwanza, uipandishe kwa klachi taratibu, na mtu wa pili nyuma kwa upande. Ukishindwa katikati usitegemee breki ya mbele, maana pikipiki ikiwa imeinua pua uzito wote umeenda nyuma na gurudumu la mbele litateleza tu. Zima injini ikiwa kwenye gia, halafu iteremshe kwa kuachia klachi kidogo kidogo. Yote nilifuata. Ikapanda vizuri, gurudumu la mbele likaingia kwenye kishikio chake.

Halafu kufunga. Mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, kila mmoja kwenye pete ya chuma iliyofungwa kwenye fremu ya sakafu, ukivuta chini na kwa pembe, pikipiki ikiwa haikai kwenye stendi yake. Mikanda ya mbele inatakiwa ikandamize shoki za mbele kama nusu ya mwendo wake. Mimi niliwahi kusoma kwamba ukikaza sana unaharibu sili za shoki. Nusu ya elimu ndiyo hatari kuliko ujinga! Nikakaza kidogo tu. Mikanda ya nyuma nikaifunga kwa adabu, yaani kwa sura. Na ile kulabu ya mbele kulia ilikuwa wazi, haina kile kijilango cha kuizuia isichomoke. Niliiona. Nilijiambia itashika. Niliishika pikipiki nikaitikisa kwa nguvu zangu zote, trela nzima ikatikisika nayo, pikipiki haikusogea. Nikafunga mlango. Koki ya petroli nayo niliiacha wazi, sikuikumbuka kabisa.

Tulishuka na I-35 hadi Albert Lea, tukashika I-90 kuelekea magharibi. Barabara ya kule imenyooka kama rula, upepo wa mbuga unakupiga ubavuni, na kila daraja lina kiungo kinachokupa kishindo kimoja kizito. Sioux Falls tulisimama kutia mafuta. Shemeji akashika pampu, akaniambia, "Shemeji, angalia mikanda."

Hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Kulikuwa na joto, nilikuwa nataka kahawa, na kushusha lile daraja ni kazi. Nilizunguka nyuma ya trela, nikasimama kama dakika moja, nikarudi.

"Iko sawa?"

"Iko sawa."

Kutoka hapo hadi Chamberlain ni zaidi ya kilomita 200. Kuna kituo cha kupumzikia juu ya Mto Missouri, chenye sanamu kubwa ya mwanamke wa Kihindi Mwekundu iliyosimamishwa mwaka 2016, urefu wake mita 15. Tulisimama watoto waione. Mdogo akasema ana kiu, akamwomba mama yake ufunguo, akakimbilia mlango wa ubavuni wa trela kuchukua juisi kwenye friji. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua tatu. Alipofungua mlango, harufu ikatoka kama mtu.

Petroli.

Mkono wake ulikuwa umeshanyooka kwenye swichi ya taa. Nilimshika kiuno nikamvuta nje, akaangukia kifua changu akaanza kulia, hakujua amekosa nini. Hakukosa kitu. Wasomaji, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni na kujaa kama maji kwenye beseni. Na friji ile ilikuwa inafanya kazi kwa gesi ili chakula kisioze njiani, maana yake nyuma yake, upande wa nje wa ukuta, kuna moto mdogo unaowaka. Cheche ya swichi au huo moto, chochote kati ya hivyo kingetosha.

Shemeji hakupiga kelele. Alimwambia dada awapeleke watoto mbali, karibu na sanamu. Akaenda pua ya trela akafunga mitungi ya gesi yote miwili, friji ikazimika. Kisha tukafungua kila kilichofunguka kwa mkono, bila kugusa swichi hata moja, na lile daraja la nyuma tukalishusha kwa mikono. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu kwenye ukuta, kioo kimevunjika, mkono wa klachi umepinda, petroli inadondoka kutoka kwenye kabureta, toni, toni, toni. Mkanda wa mbele kulia ulikuwa sakafuni, mzima kabisa. Haukukatika. Kulabu ilitoka tu kwenye pete.

Na maelezo yake ni rahisi. Pikipiki ikisimama, mkanda uko kazini. Trela ikipiga kishindo, shoki za mbele zinabonyea zaidi, na kwa kitambo kidogo mkanda unalegea. Kulabu isiyo na kizuizi inahitaji kitambo hicho kimoja tu. Aidha, mikanda yenyewe hulegea kidogo katika kilomita za kwanza, ndiyo sababu watu wa kazi hiyo husimama mapema na kukaza upya. Nilipoitikisa pale nyumbani, niliijaribu katika hali ambayo haitakutana nayo kamwe. Wanaprogramu wenzangu mnajua ninachosema. Ni sawa na kusema programu ni nzima kwa sababu inakimbia kwenye mashine yako.

Lakini hilo ni kosa la fundi, na kosa la fundi husameheka. La pili halikuwa la fundi. Shemeji aliniuliza, nikasema iko sawa, na sikuwa nimetazama. Waliotangulia walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililichuma Sioux Falls, na wa kwangu walikuwa wanakaribia kulila Chamberlain.

Tulikaa pale zaidi ya saa mbili, upepo ule ule niliokuwa nikiulalamikia ukipitisha hewa ndani. Tulifuta sakafu, vitambaa tukavianika mbali na gari. Tulipokuwa tunafunga pikipiki upya, nilimwambia. "Shemeji, kule kwenye mafuta sikuangalia." Aliendelea kukaza mkanda. Baadaye akasema, "Nilijua. Mlango ule una kelele ukishuka, na sikuusikia. Nami nikaondoka hivyo hivyo." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anajilaumu yeye. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Sturgis tulifika usiku. Mkutano ulikuwa mzuri, kelele nyingi, ngozi nyeusi kila mahali, na Honda yetu ya kioo kimoja haikuchekwa na mtu. Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Kwa mwenye kubeba pikipiki, iwe ndani ya trela ya kifahari au nyuma ya pikapu kutoka Nairobi kwenda Kisumu, haya ndiyo niliyotoka nayo:

1. Funga koki ya petroli kabla ya kufunga mlango. Kama gereji na jiko viko chumba kimoja, zima kila kinachowaka kwa gesi mpaka mfike.
2. Tumia kulabu zenye kizuizi. Mkanda imara kwenye kulabu mbovu ni mkanda mbovu.
3. Mikanda minne, yote ifanye kazi. Ya nyuma si mapambo.
4. Shoki zikandamizwe kama nusu. Si kidogo, si mpaka mwisho.
5. Pima kwenye mizani, na kumbuka maji.
6. Simama baada ya kilomita 40 au 50 za kwanza, na kila kituo baada ya hapo. Fungua mlango. Tia mkono kwenye kila mkanda.
7. Ukiulizwa kama umeangalia na hujaangalia, sema hujaangalia.

Hiyo ya saba siku hizi naitumia kazini pia. Wenzangu wakiniuliza kama nimejaribu kitu kabla hakijapandishwa kwenye seva, mara nyingine najibu, "Bado, ngoja nishushe daraja." Hawaelewi, wanadhani ni Kiswahili cha pwani.

Mpwa wangu sasa ana miaka zaidi na anasema anataka pikipiki. Nimemwambia mjomba wake atamfundisha kuifunga kwanza, kuendesha baadaye.

Haya, hifadhidata juma lijalo. Kwaherini kwa sasa.