Tone la Maji Chumbani kwa Mama Mkwe

Mama mwenzangu, kama wewe na mumeo mnajiandaa kuweka sola juu ya nyumba ya bati, nisikilize kidogo kabla hamjamwita fundi.

Sisi tunaishi Singida vijijini, na anayedhani upepo wa Singida ni mchezo hajawahi kuanika nguo huku. Oktoba 2022 tulinunua paneli moja ya wati 100 kwa fedha ya alizeti. Mimi ni muuguzi. Nilikuwa nimechoka kurudi kutoka zamu ya jioni na kukuta watoto wanasoma kwa kibatari, moshi machoni. Kwa hiyo fundi aliposema paa linahitaji mbao mbili za kuliongezea nguvu, ni mimi niliyemjibu, "Weka tu, mbao tutanunua baadaye." Mume wangu alinitazama, akanyamaza.

Fundi naye hakubisha. Akatoboa bati kwenye mabonde yake, yaani pale pale yanapopita maji ya mvua, akafunga miguu minne ya paneli kwa skrubu. Miguu miwili ilikutana na papi, miwili ikashika bati tupu. Hayo niliyajua baadaye. Jioni ile taa iliwaka, tukaimba.

Agosti 2023 upepo wa asubuhi uliing'oa paneli pamoja na kipande cha bati. Ilianguka uani, mahali ambapo binti yetu mdogo alikuwa akiosha vyombo. Alikuwa ameingia ndani kuchukua sabuni. Namshukuru Mungu kwa sabuni ile mpaka leo.

Tulimwita fundi mwingine, mzee mtaratibu, aje kuziba tundu. Hakupanda juu. Aliomba tochi na ruhusa ya kuingia chumbani kwa mama mkwe, kwa kuwa chumba kile hakina dari. Akachoma papi kwa bisibisi, nayo ikazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Maji yalikuwa yakifuata skrubu mpaka ndani ya mbao, ikaoza.

"Hapa panavuja tangu lini?" akauliza.

"Tangu mvua za Desemba," mama akajibu kutoka kitini kwake. Alikuwa amesogeza kitanda na kuweka sufuria chini ya tone, msimu mzima wa mvua, bila kusema. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Mlikuwa na furaha na taa yenu, mwanangu. Ningewaharibia."

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Kila siku kazini nauliza watu wanaumwa wapi, lakini sikuwahi kuingia chumba kile na kutazama juu.

Yule mzee alinifundisha kitu ambacho nilipaswa kukiuliza mapema. Paneli ya namna ile ina uzito wa kilo 7 au 8 hivi, na wengi tunafikiri kazi ni kuibeba. Shida ni upepo, ambao huingia chini yake na kuinyanyua kama ungo. Bati halishiki skrubu, huchanika. La kwetu ni la geji 30 (namba ikiwa kubwa bati ni jembamba zaidi, wauzaji hawatuambii). Kinachoshika ni mbao, tena mbao nzima.

Tulirudi kwenye kibatari karibu mwaka mzima. Fedha ya kwanza tuliyopata ilikwenda kwenye paa: papi mbili mpya, mbao ya mbili kwa nne iliyofungwa kwenye kenchi pale miguu ya paneli itakapokaa, na bati moja badala ya lililochanika. Paneli ilisubiri alizeti ya 2024.

Siku ya kuifunga, mzee alipanda saa tatu asubuhi, umande ukiwa umekauka na bati halijaanza kuchoma. Nilimlazimisha ajifunge kamba kiunoni. Alicheka, lakini wodini nimewauguza walioanguka kutoka kwenye paa na sikutaka mwingine kutoka kwangu. Alikanyaga kwenye mistari ya misumari tu, kwani chini yake ndipo zilipo papi. Akaweka alama kwa chaki, nusu mita kutoka ukingoni, kwa sababu pembeni mwa paa upepo huvuta kwa nguvu zaidi. Safari hii alitoboa kwenye migongo ya bati, kila skrubu na mpira wake, akakaza mpaka mpira ukabanwa vizuri bila kupasuka. Chenga za chuma alizifagia zote kwa brashi. Zikibaki hushika kutu, na kutu huhamia kwenye bati.

Kabla paneli haijapandishwa tulimwaga ndoo mbili za maji juu ya ile miguu, mimi nikiwa chini na tochi, shingo imenyooka. Papi zilibaki kavu. Ndipo paneli ikafungwa, pamoja na nafasi ya kiganja chini yake ili hewa ipite na isipate joto kupita kiasi.

Desemba mvua ilipoanza, usiku ule ule niliamka nikagonga mlango wa mama. Alikuwa macho. Kitanda chake kilikuwa kimerudi mahali pake dirishani, na sufuria ilikuwa jikoni.