Sijambo Isiyo na Ila

Wajukuu zangu,

Shamba mipaka yake mnaijua, na nyumba nimekwisha kuiandikia. Barua hii ni ya jambo ambalo baba yangu hakuniachia, nikalijua nina mvi.

Mwatambua tunavyosalimiana. Mtu ana homa, jino lamuuma, ukimuuliza "Hujambo?" atajibu kwanza "Sijambo," ndipo aongeze "ila..." Ile ila ndiyo habari yenyewe. Babu yenu mdogo, fundi cherehani, mwaka mmoja alianza kunijibu sijambo tupu. Mjinga mimi nikafurahi, nikadhani mambo yake yamenyooka.

Alikuwa bingwa wa darizi. Siku moja nikamkuta barazani, kanzu ya mteja mapajani, anafumua shingo aliyoitia uzi asubuhi. Kesho yake anafumua ileile. Bao kaacha, eti kelele zamchosha. Chakula kinapoa mbele yake. Suruali akaanza kuikaza kwa kamba. Saa tisa usiku shemeji alikuwa akishtuka na kumkuta ameketi kitandani, macho makavu. Nasema makavu kwa sababu mimi nilikuwa nangoja machozi.

Mwenyewe alilalamikia kichwa na mgongo tu. Zahanati wakampima malaria, hana. Wakampa dawa ya malaria hivyohivyo. Mtaani wakasema katupiwa jini. Nami nikamwambia neno ninalolijutia hadi leo: "Jikaze, wewe mwanamume." Akanijibu taratibu, "Kaka, nikiondoka mtapumzika." Nikadhani anazungumzia safari.

Mkisikia neno la namna hiyo msilipuuze. Muulizeni mtu wazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, na mara nyingi humpa nafasi ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo. Ondoeni sumu na kamba karibu naye, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Aliyemwokoa ni muuguzi mmoja kijana, umri wenu. Hakuuliza "Unaumwa nini?" Aliuliza: wiki mbili hizi, siku ngapi hukufurahia kitu? Usingizi je? Kula? Mwili una nguvu? Unajiona huna maana, unajilaumu? Akili yatulia kwenye kazi? Jibu likiwa karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, hiyo huenda si huzuni ya kawaida tu, wala si uvivu. Huenda ni sonona, na sonona ni ugonjwa. Wengine huwajia kinyume: hulala kutwa, hula bila kushiba. Wanaume wengi huigeuza ugomvi na pombe, watu tukamshughulikia mlevi, mgonjwa tukamwacha.

Dawa alizopewa alimeza siku tano, akataka kuzitupa. Si panadol zile. Huchukua wiki kadhaa mtu kuona nafuu, na hata akiona asiziache bila kumwambia daktari. Ila naamini dawa peke yake isingetosha. Alihitaji mtu wa kukaa naye. Kule Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa Harare kuketi na wagonjwa kwenye benchi, wakawasikiliza na kutafuta nao njia. Washona wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Nilipolisikia nilicheka kwa uchungu: sisi baraza tunazo tele, tunazijaza siasa na mpira.

Sasa wewe, kitinda mimba wetu. Idi hii nilikuuliza hujambo mara tatu, na mara tatu sikusikia ila. Cherehani ya babu yako mdogo ameniachia, nami nakuachia wewe. Ndani ya droo, chini ya vifungo, kuna kadi yake ya kliniki. Mwenyewe ameridhia uione. Njoo uichukue kwa mkono wako, usimtume mtu. Utamkuta barazani anatia darizi, na amesema hana haraka.

Babu yenu